Mchonga mihuri wa Bulla Pesa na karata ya ng'ombe wa babake

Saa tatu asubuhi jua la Isiolo limeshaanza kuuma. Dahabo Jirma ameketi kwenye kigoda nje ya chumba chake mtaani Bulla Pesa, amepakata kipande cha mpira, ule ambao mafundi viatu hukatia soli. Mkononi ana ubavu wa mwavuli uliovunjika, ameunoa kwenye jiwe mpaka umekuwa mkali kama kucha ya paka. Anausukuma polepole. Uzi mwembamba wa mpira unajikunja na kuangukia dera lake.

Anachonga lori. Ni lile lori la mifugo linaloshuka kutoka Isiolo kwenda Nairobi, wanaume wamekaa juu ya vyuma, miguu yao ikining'inia karibu na migongo ya ng'ombe. Kila kitu anakichonga kinyume. Dereva yuko upande usio wake na maandishi ya mbele yanasomeka kutoka kulia. Mpira ukishapakwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi, mambo yatageuka yakae sawa.

"Kwa zile karata za wazungu, hapa kuna gari la kuvutwa na shujaa amesimama ndani," anasema bila kuinua macho. "Mimi gari kama hiyo sijawahi kuona hata kwa televisheni. Lori nimepanda."

Dahabo, mwenye umri wa miaka 36, huchonga na kuchapa karata za taroti kwa mkono. Hizi ni karata sabini na nane zenye picha ambazo watu wa nchi nyingi huzitandaza mezani wakitafuta dalili za mambo yajayo, au wakitafuta tu pa kuanzia kuzungumza kuhusu mambo yanayowasumbua. Katika mji ambao adhana husikika kila upande, na ambao wengi wakisikia habari ya kutazamia huwaza ramli, hiyo si kazi ya kutangaza barabarani.

Naye hakuitafuta. Kazi ndiyo iliyomjia, na kwa muda ikamwachanisha na babake mzazi.

Alizaliwa Korbesa, huko Merti, katika boma la wafugaji wa Kiborana. Aliletwa mjini kusoma shule ya upili akikaa kwa shangazi, na alipomaliza alipata kibarua katika kibanda cha uchapishaji cha mzee mmoja aitwaye Kinuthia. Hapo ndipo alipojifunza kuchonga mihuri ya mpira: mihuri ya machifu, ya shule, ya maduka ya dawa, ya vikundi vya akina mama.

"Muhuri unakufundisha kuona dunia kinyume," anasema. "Mwanzoni nilikuwa naandika jina langu mwenyewe nakosea. Baadaye ikawa naota hata barua zikiwa zimegeuka."

Alifanya kazi hiyo karibu miaka kumi, hadi mashine ya kuchonga kwa miale ya leza ilipofika mjini. Mashine hiyo humaliza muhuri kabla mteja hajamaliza soda.

"Kinuthia hakunifukuza. Aliniambia tu, 'Dahabo, mashine imekuja.' Nikafungasha vifaa vyangu," anakumbuka. Mpaka leo mzee huyo humwekea mabaki ya wino kwenye mikebe, na akipita Bulla Pesa humletea.

Ndoa yake ilikuwa imevunjika, na mamake, Tari, alifariki miaka mingi nyuma. Dahabo akageukia hina. Alipaka maharusi mikono na miguu kwa shilingi elfu moja na mia tano kila mmoja. Msimu wa harusi ulilipa kodi na unga. Miezi mingine alikopa dukani kama jirani zake wote.

Kisha ukaja ule ukame mrefu.

Babake, Mzee Jirma Galgalo, alikuwa na ng'ombe waliokaribia mia moja. Mvua zilipokosa msimu baada ya msimu, wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Mwishoni mwa mwaka wa 2022, Dahabo alipanda gari la mizigo hadi Korbesa na magunia mawili ya unga. Alimkuta babake na kakake, Galgalo, wakihangaika kumwinua ng'ombe mmoja aliyelala chini, mmoja kichwani, mwingine tumboni.

Kila mfugaji anaijua kazi hiyo. Ng'ombe aliyedhoofika akilala hawezi kusimama mwenyewe, na asiposimama ndio mwisho wake. Kwa hiyo watu humshika, wakamwinua kwa mikono, wakamshikilia mpaka miguu ikumbuke kazi yake.

"Aliitwa Magala, kwa sababu ya rangi yake ya kahawia. Nilimjua tangu akiwa ndama," anasema Dahabo. "Tuliinua mpaka mikono ikakataa. Gari ikapiga honi. Ilikuwa ndiyo hiyo moja tu, na mjini niliacha bibi harusi ananingoja. Nikaondoka. Nilipoangalia nyuma, Baba alikuwa bado ameshika kichwa yake."

Miezi michache baadaye, mvua ikiwa imerudi na malisho yameota, Mzee Jirma aliingia Bulla Pesa akiwa na fimbo na mkeka wa kuswalia. Ng'ombe hawakuwapo tena. Galgalo alikuwa ameenda upande wa Moyale kuchunga ngamia wa mtu mwingine.

Mzee alihamia kwenye chumba kimoja na bintiye, pazia likiwatenganisha. Hakuwa mgonjwa wala mkorofi. Alikuwa tu amenyamaza.

"Ukimwuliza umelala vipi, anasema salama. Ukimwuliza ng'ombe waliisha namna gani, anaangalia ukuta," anasema Dahabo. "Siku ya soko la mifugo anaenda, anasimama kwa ua, anaangalia ng'ombe za watu. Halafu anarudi. Hanunui, hauzi, hasemi na mtu."

Kui aliingia katika maisha yao kupitia duka la jirani. Ni msichana wa Nairobi ambaye shangazi yake, Magdaline, anauza vifaa vya ujenzi hatua chache kutoka kwa Dahabo. Alipomtembelea shangazi, aliona kwenye kaunta karatasi ya kufungia misumari iliyopigwa chapa ya ngamia. Akauliza nani ameichonga.

Kui hujipatia riziki kwa kuwasomea watu taroti kupitia simu. Kwa njia hiyohiyo ya simu, anaeleza alivyoanza: "Nilikuwa na karata nimenunua, ziko na wafalme na theluji. Wateja wananiuliza, 'Kui, hapa mimi niko wapi?' Nikasema nataka zenye watu wetu. Nataka mtu aone mama na mtungi, aone vumbi."

Alimwachia Dahabo pakiti iliyochakaa iwe mwongozo na kuagiza seti tano, kila moja shilingi elfu tisa. Dahabo alikuwa hajawahi kuishika karata ya namna hiyo. Aliziona kama mihuri mingi mizuri, basi, na akatoa ahadi.

Namna ya kuzitengeneza aliibuni mwenyewe. Hugandisha karatasi mbili za manila kwa uji wa unga wa ngano, akaziweka chini ya mawe ziwe ngumu. Picha huzichapa kwa wino wa Kinuthia. Mgongo wa kila karata hubeba ua la hina. Pembe huzikata ziwe mviringo kwa kikata kucha ili zisipasuke, halafu hupaka nta ya nyuki ziteleze mkononi. Siku za kwanza aligandamiza kwa mgongo wa kijiko mpaka kiganja kikafanya malengelenge. Baadaye Mamo, fundi wa kuchomelea vyuma, alimtengenezea fremu inayotumia jeki ya gari.

Picha nazo zilibadilika. Mzee mpweke mwenye taa akawa mlinzi wa duka na tochi yake. Mnara unaopigwa na radi ukawa mnara wa simu. Vikombe vikawa vibuyu vya maziwa, na sarafu zikawa kengele za mbao wanazofungwa ngamia shingoni.

"Nilikuwa nafurahi," anasema. "Wacha niseme ukweli. Tangu mashine ije, sikuwa nimefurahia kazi hivyo."

Furaha hiyo haikudumu. Ploti ya Bulla Pesa, yenye wapangaji wengi ua mmoja, haina siri. Karata zilikauka kwenye kamba ileile ya kuanikia nguo, na watu wana macho. Ikaanza kusemwa kwamba Dahabo anapiga ramli. Baadaye ikasemwa kwamba watu hutoka Nairobi usiku kuja kutazamiwa. Mama mmoja, Mulki, aliyekuwa amemwomba ampake hina binti yake, alituma ujumbe kwamba wamepata mtu mwingine. Wengine hawakutuma hata ujumbe.

"Sikusema yeye ni mchawi," anasema Mulki, ambaye hakukataa kuzungumza. "Lakini siku ya harusi ya mtoto wako, unataka mikono isiyo na maneno. Mimi ni mzazi."

Maneno hayo yalimfikia Mzee Jirma akitoka msikitini. Alimkuta bintiye anapaka wino.

"Dahabo, hizi ni mihuri?"

"Hapana, Baba."

"Ni za kutazamia?"

"Wenye kununua ndio wanatazamia. Mimi nachonga tu."

Mzee hakupandisha sauti. Alikunja mkeka wake, akachukua fimbo, akaenda kukaa kwa Bonaya, mtoto wa dada yake, upande wa pili wa mji.

Dahabo alilia siku hiyo kuliko alivyolia ndoa ilipovunjika. Alikusanya vipande vyote vya mpira kwenye karai na kiberiti akashika. Kilichomzuia, anasema, ni moshi. "Mpira ukiungua, mtaa wote ungejua. Wangesema sasa anafukiza."

Anacheka anapolisimulia hilo. Wakati ule hakucheka.

Alikwenda kwa Ustadh Dabasso, mwalimu wa madrasa ya jirani, akiwa na karata chache ndani ya mfuko. Ustadh alizitazama moja moja na kusifu mkono wake. Kisha akamwambia bila kuzunguka kwamba kutafuta mambo ya ghaibu kwenye karatasi ni haramu, na kumtengenezea mtu chombo cha kazi hiyo si jambo analoweza kulibariki. Lakini alimwambia pia kwamba hatasimama mbele ya watu kumtaja, na kwamba mlango wake uko wazi.

"Alinipa heshima," anasema Dahabo. "Hakunipa ruhusa. Nilirudi nyumbani na hiyo heshima tu."

Akaamua kumaliza kazi aliyoitolea ahadi. Karata zilisonga hadi ikabaki moja aliyokuwa akiikwepa tangu mwanzo: Kifo. Katika pakiti ya Kui ilikuwa picha ya mifupa juu ya farasi. Dahabo aliijaribu akaiona ya kuchekesha. Akajaribu kaburi, akatupa. Kui akawa anapiga simu kuuliza imefika wapi.

Mwishowe alichonga kile alichokiona kwa macho yake: ng'ombe aliyelala, watu watatu wamemshika, mmoja kichwani, mmoja tumboni, mmoja mkiani. Asubuhi moja akachapa nakala ya kwanza, akaianika.

Asubuhi hiyohiyo mlango wa ploti ulilia.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, Baba. Karibu."

"Nimekuja kuchukua blanketi. Upepo wa kwa Bonaya ni mbaya."

Dahabo aliingia ndani kulitafuta. Alipotoka, alimkuta mzee amesimama kwenye kamba, fimbo kwapani, uso wake umekaribia karatasi kana kwamba anainusa. Alijua itachanwa. Akalikumbatia blanketi, akangoja.

"Huyu ni Magala," mzee akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Nani alikuambia pembe yake iko hivi?"

"Nilikumbuka tu."

"Umekumbuka vibaya. Ile ya kushoto ilikuwa inaangalia chini. Na hapa kwa mkia umeniweka mimi. Mimi nilikuwa kwa kichwa. Kwa mkia ulikuwa wewe."

Alikuwa hajasema maneno mengi kiasi hicho kwa mara moja tangu aingie mjini. Dahabo akamsogezea kigoda. Mzee akaketi, bado anaitazama karatasi.

"Unajua aliinuka?" akauliza.

Dahabo hakujua. Siku zote hizo aliamini kwamba Magala alifia palepale, gari lilipoondoka. Hakuwahi kuthubutu kuuliza habari za Magala, na babake hakuwahi kusema.

Basi mzee akasimulia. Kwamba gari lilipopotea kwenye vumbi, yeye na Galgalo walimwinua tena, na safari hiyo miguu ikakubali. Kwamba alikuwa akimwangushia matunda ya mgunga na kumlisha kwa mkono, na Magala akawa anamfuata nyuma kama mbwa. Kwamba wengine wote waliisha akabaki Magala peke yake, na watu wa Korbesa wakawa wanapita kumwangalia. Halafu mvua ikaja. Watu walitoka nje kushukuru, watoto wakicheza kwenye matope. Lakini ilikuwa mvua ya baridi, na Magala hakuwa na nyama mwilini ya kumkinga.

"Jua halikumuua," mzee akasema. "Mvua ndiyo ilimuua. Ile tuliyoomba."

Chai aliyopewa ilipoa. Akaletewa nyingine, nayo ikapoa.

Mpira ukishakatwa haurudishiki, kwa hiyo Dahabo alichukua kipande kipya na kuanza upya, babake akiwa pale pale. Pembe ya kushoto ikainama. Mzee akahamia kichwani, binti akaenda mkiani. Na picha ilipokamilika, Dahabo alichukua ubavu wa mwavuli akapitisha mistari myembamba ya mshazari kutoka juu hadi chini, mingi, mpaka anga nyeusi yote ikajaa.

"Mvua ni rahisi kuchonga," anasema. "Huongezi kitu. Unaondoa tu."

Mzee aliondoka na blanketi lake bila kusema kama atarudi. Baada ya siku chache alirejea, nalo begani, na masharti mawili: karata zisichapwe siku ya Ijumaa, na zisiingie katika chumba anachoswalia. Ndiyo maana leo Dahabo anafanyia kazi nje, chini ya mabati aliyoyapachika ukutani. Karata zilizokauka huzihifadhi dukani kwa Magdaline, kwenye sanduku la misumari.

Mzee Jirma anakubali kuzungumza, lakini kwa Kiborana, bintiye akitafsiri. Anataka lieleweke vizuri.

"Mimi sikubali ramli. Mtu akitaka kujua kesho, amwombe Mungu, afunge mdomo," anasema. "Lakini ng'ombe yule ni wangu."

Kui alipofungua mzigo wake, anasema, alizitandaza zote kitandani na kufika kwenye ile ya ng'ombe akaiokota aitazame karibu. "Wateja huogopa sana Kifo. Hii hawaogopi. Wananiuliza, huyo ng'ombe ni wa nani?"

Tangu hapo wameagiza wengine, na mwezi ukiwa mzuri Dahabo huuza seti mbili. Si nyingi, kwa kuwa kila seti humla wiki nzima na zaidi. Hina imerudi nusu tu. Mulki humsalimia barabarani ila hajamwita tena.

Kuhusu onyo la Ustadh, Dahabo hubadilika siku hadi siku. "Siku zingine naamka nasema hii ni ya mwisho. Halafu nachukua mpira," anasema. Ameanza kuchonga seti nyingine isiyo na namba wala majina ya taroti, ya wanyama na visima na mabomba ya maji, ili watoto waliozaliwa mjini wakae na wazee wao wasimuliwe. Ustadh Dabasso ameiona na kuagiza moja kwa ajili ya nyumbani kwake. Mzee Jirma ndiye mkaguzi. Ngamia mmoja amekataliwa mara tatu kwa sababu ya magoti.

Fedha anazoweka kando zina kazi moja. Mvua zijazo zikinyesha vizuri, anataka kurudi na babake Korbesa na kumnunulia mtamba. Walipoanza kupanga, mzee alimkatiza.

"Alisema ng'ombe baadaye. Kwanza mbuzi sita, mbuzi anavumilia," anasema Dahabo, akipangusa wino kwenye vidole. "Nikamwambia sawa, Baba, mbuzi."

Anatazama kule mzee alikoketi kwenye kivuli, amelala kwa kukaa, mikono juu ya fimbo.

"Wakati tuko wadogo alikuwa anapiga kelele kila asubuhi. Nani ameacha ua wazi, nani hajatoa ndama, mnalala nini na jua liko juu! Nilikuwa naziba masikio," anasema. "Sasa ndiyo kitu nataka. Asubuhi moja huko Korbesa, aniamshe kwa kelele, aniambie mbuzi wametoka na mimi bado nalala."